Watoto wa Bi Mkubwa: safari ya kurudi

Jumatatu

06:41 Asha (Unguja): Asalam aleikum nyote. Mama anaondoka Leicester kesho. Basi mpaka Heathrow, ndege ya usiku mpaka Addis, pale anaunga ya Zanzibar, Jumatano mchana nampokea mimi. Hapo pamekaa sawa. Kutoka Unguja mpaka Wete, Pemba, ndipo hakuna aliyenijibu tangu Ijumaa. Nataka majibu kabla ya adhuhuri.

08:55 Asha: Nawaona mmesoma.

09:02 Rukia (Dar): Waaleikum salaam da Asha 🤲

09:03 Asha: Dua tunaitaka Rukia, na nauli vilevile.

09:20 Kombo (Wete): Mimi nna karafuu jamvini na wachumaji wanadai pesa zao. Lakini nipo.

09:21 Asha: Upo kwa lipi?

09:40 Kombo: Nipo tu dada.

10:15 Salum (Leicester): Mama kakesha anafunga mizigo. Ana ruhusa ya mabegi mawili, kilo 23 kila moja. La pili limefika 27. Nimelifungua, nimekuta mikebe mitupu ya aiskrimu imetiwa mmoja ndani ya mwenziwe. Anasema ya kuwekea samli na achari.

10:16 Rukia: 😂😂😂 nitengewe miwili

10:18 Kombo: Salum viatu vyangu visitoke. Namba 43.

10:22 Asha: Viatu vya watu wenye pesa zao vitoke kwanza. Sikilizeni. Dawa za presha ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si ndani ya begi. Sweta pia, Addis mwezi huu ni mvua na baridi. Mfuko wa plastiki usitiwe hata mmoja. Na kile kiti cha magurudumu kiombwe tangu Heathrow, maana pale Addis kuna kutembea.

10:30 Mwanaidi (Leicester): Shangazi, kiti nimeshakiomba. Bibi anasema hakai, yeye si mgonjwa.

10:31 Asha: Mwambie wanaokaa hawapangi foleni.

10:33 Mwanaidi: Amekubali.

10:34 Asha: Na wewe unayemsindikiza, viza na bima tayari?

10:36 Mwanaidi: Tayari. Viza dola 50, bima ya Zanzibar 44.

10:50 Kombo: Bima ya nini tena? Mjukuu wa Wete?

10:52 Salum: Ana pasi ya Uingereza. Tangu Oktoba 2024 mgeni haingii Zanzibar bila hiyo bima.

10:58 Kombo: Mgeni. Haya.

11:04 Asha: Turudi kwenye safari. Ndege ndogo ya Chake Chake haimalizi hata saa, lakini ruhusa kilo 15 kwa mtu. Mizigo ya mama peke yake yazidi mara tatu. Boti inabeba vyote. Kuna na meli ya usiku, nauli yake ndogo, wanafika Mkoani alfajiri na Kombo anawapokea.

11:09 Kombo: Niwapokee saa ngapi? Maana mwaka juzi niliambiwa saa saba.

11:10 Salum: Nilikwambia saa saba asubuhi.

11:11 Kombo: Hiyo saa saba ya asubuhi iko wapi ndugu yangu? Nilikuwa uwanjani saa saba mchana kama ulivyosema.

11:13 Rukia: Na mama kakaa juu ya begi tangu asubuhi ananunuliwa chai na madereva wa taksi. Wala hakuna aliyemwomba radhi.

11:15 Salum: *Ujumbe huu umefutwa*

11:15 Rukia: Nimeuwahi.

11:16 Kombo: Na mimi.

11:40 Nassor (Maskati): Mimi nauliza kwa nini hapitii Maskati. Kila akitoka ni Uingereza. Watoto wangu bibi yao wanamjua kwa simu.

11:41 Asha: Nassor, si leo.

12:47 Mjomba Faki: Asalam aleikum. Nimesomewa yote. Meli ya usiku isitajwe tena humu. Kusi limekaza na bahari ya Nungwi mnaijua. Septemba 2011 ilipozama Spice Islander nilikuwa Maisara na mama yenu, tunafunua shuka moja baada ya moja. Tangu siku ile dada yangu hajatia mguu chomboni. Hatatia kwa ajili ya mikebe.

13:38 Kombo: Tumesikia mjomba.

13:55 Asha: Tumesikia. Utuwie radhi.

14:20 Rukia: Tumesikia mjomba. Allah amrehemu.

15:02 Asha: Basi ni ndege. Wanalala kwangu Jumatano, Alhamisi asubuhi wanaruka. Kombo awe na gari pale Chake. Mabegi nayapeleka mimi bandarini Malindi yaende na boti ya asubuhi, Kombo huyohuyo ayapokee Mkoani. Salum kalipa yote ya kutoka London, haguswi. Nauli ya ndege ndogo ya watu wawili ni yangu, ya Rukia, ya Kombo na ya Nassor.

15:20 Kombo: Chake na Mkoani, asubuhi moja?

15:21 Asha: Barabara si moja?

15:24 Kombo: Barabara moja, mafuta je? Na karafuu nani anaanua mvua ikipiga?

15:31 Rukia: Mimi natuma Ijumaa.

15:31 Asha: Wanaruka Alhamisi Rukia.

15:33 Rukia: Na mshahara Ijumaa.

15:50 Nassor: Yangu naituma leo. Ila mwakani ni Maskati, na hilo mjomba alisikie.

17:26 Mwanaidi: Shangazi, nimemsomea bibi. Anasema mabegi yake hayaendi peke yake. Yakiwekwa kwenye boti, yeye ndege hapandi. Na boti hapandi. Pia begi limeshuka mpaka 24, ametoa viatu vya ami Kombo.

17:27 Kombo: Mikebe imebaki?

17:28 Mwanaidi: Yote.

17:29 Asha: Salum nipigie.

17:44 Asha: Salum.

18:10 Salum: Niko kazini, natoka saa mbili.

18:11 Kombo: Saa mbili ya nani?

18:12 Asha: Kombo acha. Gari pale Chake, iko au haiko?