Nimepewa kikao cha MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) kuhusu watoto wasiojua kusoma, nianzie wapi?

Vumbi la Chaki:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi ya serikali huku Kanda ya Ziwa. Mwezi uliopita nilienda semina ya siku mbili ya kuwasaidia wanafunzi wenye ugumu wa kujifunza. Kusema kweli tulisomewa slaidi, tukapiga picha ya pamoja, tukasaini posho, nikarudi na kabrasha. Sasa Mwalimu Mkuu anataka niwafundishe wenzangu kumi na mmoja Alhamisi ijayo.

Darasa la tatu tuna watoto 87, tisa hawasomi kabisa. Kuna mmoja ukimpa hesabu kwa mdomo anakujibu hata hujamaliza, iandike ubaoni anaganda. Wenzangu wanawaita "vilaza" wakiwa wanasikia. Nikisimama kueleza maana ya disleksia, ule ugumu wa kusoma na kuandika, najua watasinzia. Nifanyeje? Natanguliza shukrani.

Kobe Mpole:
Andaa chai na chapati mkuu, hakuna atakayekosa. Ila wakishiba ndio watasinzia vizuri 😂

Bi Nukta:
Pole mwalimu. Nilisomea elimu maalumu Patandi, Arusha, na sasa niko darasani. Hilo kabrasha liache ofisini. Waambie kila mmoja aje na daftari la mtoto mmoja anayemsumbua. Mkae mlisome kama daktari anavyosoma picha ya eksirei. Anaandika "buzi" kwa mbuzi na "goma" kwa ngoma? Basi amekwama kwenye herufi mwambatano, na hapo mna kitu cha kufundisha. Anageuza b na d hadi leo, darasa la tatu? Andika pembeni.

Kisha mpe maneno yasiyo na maana, kama "beda" au "nupi". Wengi wanaosoma "mama" na "baba" wamekariri umbo tu. Neno la kubuni halikaririki.

Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mwenye disleksia anaweza kufika mwisho wa sentensi bila makosa mengi, ila kwa mwendo wa kinyonga. Huyo ndiye tunayemwita mvivu.

Lakini kabla ya yote, macho na masikio! Akisoma daftarini lakini ubaoni hapati, msogeze mbele na mpeleke akapimwe.

Mwana Mara:
Naongezea alichosema dada. Huku kwetu mtoto akiandika "kura" badala ya "kula" hiyo ni lugha ya nyumbani, msimpe ugonjwa. Nimeona mwalimu mgeni akiorodhesha nusu darasa.

Mzee wa Zamani:
Sisi tulichapwa tukasoma. Na hao 87, nani wa kukaa na mmoja mmoja? Mambo ya semina haya.

Bi Nukta:
Shikamoo mzee. Kuhusu wingi wa watoto sibishani, hata mimi unanitesa. Ila mengine hayataki muda wa ziada. Swali la hesabu lisome kwa sauti, darasa zima linafaidika. Usimsimamishe kusoma mbele ya wenzake. Muache ajibu kwa mdomo pale unapopima uelewa na si maandishi. Wale tisa wape dakika kumi kwa siku, silabi zilezile, waandike kwenye mchanga kwa kidole huku wakitamka.

Fundi Nyaya:
Mimi nilikuwa mtoto huyo, na fimbo nilizila zote mzee wangu. Nilikariri kitabu kizima kwa kumsikiliza jirani yangu wa dawati. Nikiambiwa nisome, nasimama na kutiririka. Siku moja mwalimu alinifungulia ukurasa wa katikati, nikaanza "kusoma" ule wa kwanza. Darasa lilicheka hadi kengele. Leo ni fundi umeme, michoro naielewa haraka, ila meseji ndefu namsomesha mke wangu. Wambie wenzako, mtoto anayetiririka bila kutazama maneno wamchunguze.

Mama Wawili, Nairobi:
Hamjambo majirani. Huku kwetu Kenya kuna KISE, taasisi ya elimu maalumu iliyoanzishwa 1986, iko Kasarani na inafunza walimu waliomo kazini, halafu kuna vituo vya EARC vya kutathmini watoto. Wangu alipotathminiwa, faida kubwa kwangu ilikuwa karatasi ya kumpa mwalimu: akae wapi, asomewe nini. Mwalimu, hata bila mtaalamu, kila daftari mkimaliza kulijadili andikeni mambo mawili ya kufanya, na jina la atakayeyafanya.

Vumbi la Chaki:
MREJESHO. Nilifuata ushauri wa daftari. Kikao cha saa moja kilikwenda saa mbili na nusu, chai ikapoa. Kwenye wale tisa, mmoja anakaa nyuma na haoni ubao, wazazi wameshaitwa. Mwingine alihamia kwetu mwaka huu, Kiswahili chenyewe ndio anajifunza. Waliobaki saba, watano wamekwama kwenye mwambatano kama alivyosema Bi Nukta. Yule wa hesabu alisomewa maswali kumi, akapata tisa. Mwalimu wake hakusema neno, aliliomba tu lile daftari aende nalo nyumbani.

Jumatatu tunaanza dakika kumi kabla ya uji. Mchanga tumeshachota mtoni, ndoo mbili. Kobe, chapati ziliisha zote.