Mzee apimwe wapi mishipa ya damu: kifurushi cha laki nne na nusu Dar, Taasisi ya Moyo, au hawa wa kanisani?

Kijana wa Ghetto
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, tena wa haraka kidogo, maana hela ipo sasa hivi na mwisho wa mwezi itakuwa imeshapata kazi nyingine. Nataka mzee wangu akapimwe mishipa ya damu. Jirani yake kapigwa kiharusi akiwa shambani, mtu ambaye hakuwa analalamika kitu, na tangu siku hiyo mama hatulii, kila simu ni hiyo hiyo. Nimepata njia tatu:

1. Kifurushi cha hospitali moja binafsi hapa Dar, laki nne na nusu. Altrasaundi ya mishipa ya shingo, altrasaundi ya mshipa mkubwa wa tumboni, presha ya miguuni, ECG (kipimo cha umeme wa moyo), sukari na lehemu (mafuta ya kwenye damu). Vyote siku moja.
2. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, anaingia kama mgonjwa wa kawaida.
3. Kuna jamaa wanazunguka makanisani na mashine, wanapima mwili mzima kwa elfu ishirini na majibu unapewa hapo hapo.

Mimi nimeelemea namba 1. Mnasemaje?

Chuma Chakavu
Namba 3 ifute kabla hujamaliza kusoma hapa.

NesiWaZamu
Mkuu, umetutajia bei za kila kitu isipokuwa mzee mwenyewe. Ana miaka mingapi? Anavuta sigara, au aliwahi kuvuta? Presha yake mara ya mwisho ilisoma ngapi? Ana sukari? Yupo aliyepata kiharusi au kufa ghafla kwenye ukoo? Ana bima? Na yeye mwenyewe anaishi wapi? Mtu wa miaka 45 asiye na historia yoyote na mtu wa miaka 70 aliyevuta pakti kwa siku hawaendi kwenye kipimo kimoja.

BabaMapacha
Chukua namba 1, usisikilize maneno. Mimi napima kila mwaka, kifurushi kizima. Gari unapeleka sevisi hata kama haijagonga, sembuse mwili. Muhimbili utapanga foleni mpaka presha ipande kwa hasira, halafu wakipima wakwambie una presha 😂

NesiWaZamu
@BabaMapacha gari haliogopi majibu. Binadamu ukimwonyesha kivuli kwenye mshipa wa shingo halali tena, hata kama kivuli chenyewe kisingemdhuru maisha yake yote.

Mnyalu Ughaibuni
Niko Birmingham, Uingereza, niseme la huku kisha mpime wenyewe. Serikali ya huku huduma zake ni bure, lakini haimpimi kila mtu kila kitu. Mwanaume akifikisha miaka 65 anapata barua ya kuitwa altrasaundi ya tumbo, kuangalia kama mshipa mkubwa umetuna. Ni mara moja tu. Mshipa ukiwa chini ya sentimita 3 unaambiwa nenda zako, hurudi tena. Ukiwa 3 mpaka 4.4 unarudi kila mwaka, 4.5 mpaka 5.4 kila baada ya miezi mitatu, na ukifika 5.5 unapelekwa kwa daktari wa upasuaji wa mishipa. Mishipa ya shingo hawaiti mtu asiye na dalili.

Marekani nako kuna jopo la wataalamu wa kinga, linaitwa USPSTF. Mwaka 2021 lilirudia msimamo wake kwamba mtu asiye na dalili asipimwe mishipa ya shingo. Sababu yao ni kwamba wenye tatizo kubwa pale ni wachache, wanaotiwa hofu bure ni wengi, na upasuaji wa kusafisha mshipa ule wenyewe unaweza kumletea mtu kiharusi. Tumbo lakini wanalikubali: wanaume wa miaka 65 hadi 75 waliowahi kuvuta sigara, mara moja. Kwa hiyo ndani ya kifurushi chako kuna kitu cha maana na kuna kitu cha kujazia bei.

Kipara Ngoto
Hayo ni ya wazungu. Wao wanakula jibini na siagi tangu utotoni. Sisi miili yetu tofauti.

Mnyalu Ughaibuni
Tofauti gani mzee, na wewe Ijumaa upo kwenye kitimoto na bia mbili?

Kipara Ngoto
Usinichunguze. Nimesema kwa jumla.

NesiWaZamu
Kipara ana nusu ya hoja, ingawa si kwa sababu aliyoitaja. Huku kwetu wanaoletwa na kiharusi wodini kwangu, ukiuliza historia, unakuta presha. Ama hawakuijua, ama waliijua wakaacha dawa walipojisikia nafuu. Mkanda wa presha unafanya kazi kubwa kuliko altrasaundi ya shingo, na uko hadi zahanati. Shirika la Afya Duniani lilitoa chati mwaka 2019, zinatumia umri, jinsia, sigara, presha na hata uzito kwa urefu tu pale ambapo hakuna maabara, zinakupa makadirio ya hatari ya moyo na kiharusi kwa miaka kumi ijayo. Hapo hujatoa hata elfu ishirini ya kanisani.

MamaJunior Mwanza
Hao wa kanisani naomba niwaeleze, kaeni kitako.

Walikuja kanisani kwetu baada ya ibada, wamevaa makoti meupe. Kuna laptop na kichuma kama mpini wa mwiko, kina waya. Mama akaambiwa akishike, asiongee. Dakika moja tu, mashine ikatoa karatasi kama ishirini hivi: ini, figo, mifupa, "unyumbufu wa mishipa", hadi madini ya zinki. Hawajamchoma sindano, hawajamfunga mkanda, hawajamuuliza ana ugonjwa gani. Yule kijana akaweka sura ya huzuni, akamwambia, mama, mishipa yako ya ubongo imeziba asilimia sitini, ila umewahi. Kuna boksi nne za virutubisho, dozi ya miezi mitatu, laki sita na arobaini.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu, si mtu wa kudanganywa kirahisi. Lakini ukishaambiwa asilimia sitini, tena mbele ya mchungaji, unafikiri utabisha? Alikopa VICOBA, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa. Na hapa ndipo panaponiuma. Walimwambia asichanganye na "kemikali za hospitali". Alikuwa anameza dawa za presha miaka yote, akaziweka kabatini. Sisi watoto hatukujua, kwenye simu anasema najisikia mwepesi.

Nilikuja kujua nilipokwenda likizo. Asubuhi namwona anamimina chai, inamwagika kwenye sosa, mkono wa kulia haumtii, na yeye anacheka anasema nimelala vibaya. Nikampeleka hivyo hivyo na kanga yake. Presha ilikuwa 210 kwa 120. Daktari akasema ni kiharusi kidogo, ashukuru Mungu. Sasa hivi anaandika, ila mwandiko ule wa ubaoni haupo tena. Picha za mishipa zilipopigwa baadaye hakukuwa na asilimia sitini yoyote.

Wale vijana niliwatafuta, namba haipatikani. Mchungaji ananiambia nisamehe.

Chuma Chakavu
Pole sana dada. Hicho kichuma kinapima jasho la kiganja tu. Fundi mmoja wa kompyuta aliniambia alishika yeye, kisha akakizungushia kitambaa kibichi, na "ripoti" ikatoka vile vile na magonjwa yake.

Afya Asilia Tz
Poleni. Si virutubisho vyote ni vibaya, wapo matapeli wameharibu jina. Sisi tuna mchanganyiko wa kitunguu saumu, tangawizi na mlonge, unasafisha mishipa ndani ya siku 21 bila madhara. Njoo inboksi.

MamaJunior Mwanza
Umesoma nilichoandika au umeona neno "mishipa" tu?

Kipara Ngoto
Kitunguu saumu lakini kinasaidia, babu yangu alikuwa anatafuna punje mbili kila asubuhi, kafa na miaka 94.

BabaMapacha
Na harufu yake je, bibi alikaa chumba kimoja naye?

Mtoto wa Likoni
Salamu kutoka Mombasa. Ndugu yangu mwenye uzi, mbona huwajibu? Nesi amekuuliza maswali ya maana tangu asubuhi.

Kijana wa Ghetto
Samahanini, nilikuwa kazini. Majibu: mzee ana miaka 67. Sigara aliacha mimi nikiwa sekondari, ila kabla ya hapo alivuta sana. Sukari walimwambia "iko mpakani" kitambo, hakurudi. Presha sijui. Bima ipo, mimi ni mwalimu, yeye tegemezi wangu. Anaishi Same. Hana dalili yoyote, ni miguu tu ya uzee. Akitoka sokoni kurudi nyumbani shavu la mguu linambana upande wa nyuma, anasimama chini ya mwarobaini wa watu, anajifanya anasalimiana nao, ikiachia anaendelea. Tumeshamzoea, tunamtania kwamba anajua watu wengi.

NesiWaZamu
Mkuu. Hiyo ndiyo dalili yenyewe.

Maumivu ya nyuma ya mguu yanayokuja akitembea, yanaisha akisimama dakika chache, yanarudi akitembea umbali ule ule, kwa mtu wa miaka 67 aliyevuta sigara na sukari ya mpakani, hayaitwi uzee mpaka ithibitishwe. Inawezekana mishipa ya damu ya miguu imepungua njia. Inaweza pia kuwa mgongo, ndiyo maana anapimwa. Na mwenye mishipa ya miguu iliyoziba mara nyingi ya moyo na ubongo nayo si salama. Kwa hiyo huyu hatafuti tena kifurushi cha mtu mzima wa afya, ni mgonjwa anayetakiwa kumwona daktari.

Kwenye orodha yako ya namba 1 kitu kinachomhusu zaidi ni hiyo "presha ya miguuni". Analala chali kwanza kama dakika kumi. Anafungwa mkanda mkononi, kisha juu kidogo ya kifundo cha mguu. Mpimaji anapaka jeli, anagusisha kitu kama kalamu nene, utasikia shwa, shwa, shwa. Anapuliza mkanda mpaka sauti inakata, anaachia taratibu, sauti ikirudi anasoma namba. Namba ya mguuni inagawanywa kwa ya mkononi. Ikiwa 0.9 au chini, mishipa ya mguu ina shida. Angalizo: kwa wenye sukari mishipa inaweza kuwa migumu kiasi kwamba namba inapanda juu ya 1.4, mtu akafurahi kumbe si majibu mazuri. Hapo wanapima presha ya kidole gumba cha mguu.

Na mwangalieni nyayo. Kidonda kisichopona, mguu mmoja baridi kuliko mwingine, au maumivu ya usiku akiwa amelala, hapo usingoje mwisho wa mwezi.

BabaMapacha
Basi si ndiyo namba 1 ile ile? Kipimo kimo ndani. Alipie amalize.

NesiWaZamu
Kimo, na akishapata 0.7 kifurushi kinamwambia "muone daktari". Aanze na daktari basi. Yuko Same, hospitali ya rufaa ya KCMC iko Moshi, mkoa huo huo wa Kilimanjaro, unampakiaje basi la Dar mtu ambaye miguu inambana? Aende hospitali ya wilaya, apimwe presha mikono yote miwili, sukari, lehemu, figo, wamwandikie rufaa. Akiwa KCMC aombe na altrasaundi ya tumbo, maana kwa umri wake na sigara zile, hiyo ina mantiki.

Mwalimu Mwenzio
Kwenye bima nakuunga mkono nesi. Kifurushi cha kupima afya mimi nilijilipia mfukoni, bima ilikataa. Kipimo hicho hicho daktari alipokiandika kwa sababu ya dalili kilipita. Ila fuata ngazi za rufaa, ukiruka utarudishwa dirishani.

Kijana wa Ghetto
Nimewaelewa, na nimeogopa kidogo. Tatizo mama anataka Dar, anasema Moshi alikofia dada yake hataki kupasikia. Na mzee mwenyewe nikimwambia rufaa atasema mnanizika. Kifurushi angalau ningemdanganya ni "cheki ya kawaida".

Mtoto wa Likoni
Mwambie unampeleka kusalimia watu, si anajua wengi? 😄 Lakini asiache kutembea. Babangu alipopatikana na hali hiyo daktari alimwambia atembee hadi maumivu, apumzike, aendelee, kila siku, pamoja na vidonge vyake. Mwanzo hafiki hata kituo cha matatu, sasa anakwenda hadi feri.

Kipara Ngoto
Nesi, swali la pembeni. Mimi mkono wangu mnene, kila nikipima duka la dawa inasoma 150 na kitu, nyumbani kwa shemeji inasoma 135. Nishike ipi?

NesiWaZamu
Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono wako unasoma juu kuliko ukweli. Omba mkanda mkubwa. Kaa dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, usikunje nne, usiongee, na usiwe umetoka kuvuta. Pima mara mbili.

Kipara Ngoto
Sivuti. Ugoro tu.

Mnyalu Ughaibuni
"Ugoro tu" 🤦🏾

Chuma Chakavu
Hizo mashine za mkononi pale Kariakoo ni kiasi gani sasa hivi? Zile za kufunga kwenye kifundo cha mkono, mtaa wa Msimbazi, naona bei kila duka lake.

BabaMapacha
Za kwenye kifundo cha mkono achana nazo, chukua ya juu ya mkono. Mimi nilinunua 85, jirani kapewa hiyo hiyo kwa 60.

Chuma Chakavu
Duka gani?