Naomba ushauri: Nimegombana na dereva wa pikipiki Thailand, kijiwe kizima kimeninunia. Nirushe video au niombe radhi?

Mwl_wa_Rangsit aliandika:

Wakuu salaam. Mimi ni dada wa miaka 31, natokea Morogoro. Huku Thailand nina miezi saba, nafundisha Kiingereza shule ya msingi mji wa Rangsit, kaskazini ya Bangkok. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunisema.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa tatu usiku, nimeshuka kwenye treni natoka kufundisha tuisheni, nimechoka. Nikapanda pikipiki pale soi yetu inapoanzia (soi ni mtaa unaochepuka kutoka barabara kubwa). Madereva wa huku wanavaa vizibao vya rangi ya machungwa vyenye namba, na kijiwe kina ubao wa nauli. Kithai sisomi, ila tarakimu nasoma: 40. Tumefika getini jamaa ananionyesha kwenye simu: 80. Nikamwambia 40. Anatabasamu, 80. Nikapandisha sauti. Anatabasamu tu! Jamani, hakuna kitu kinachonipandisha presha kama mtu kunichekea huku ananiibia. Nikamnyooshea kidole usoni, nikatoa noti mbili za baht 20, nikazitupa chini mbele ya tairi. Upepo ukataka kuondoka na moja, nikaikanyaga isipeperuke, nikamwambia kwa Kiswahili kabisa, "Okota, mwizi wewe." Muda wote huo simu yangu inarekodi, maana nilijua atanigeuka.

Tabasamu likamtoka. Hakuokota. Alibaki anaangalia ndala yangu, kisha akawasha pikipiki akaondoka. Dakika kumi baadaye niko dirishani ghorofa ya nne naona pikipiki sita zimesimama getini, zimezimwa, jamaa wanatazama juu. Hawakusema neno. Mlinzi akaongea nao, wakaondoka.

Tangu siku hiyo hakuna anayenibeba. Nikifika wanageuza uso. Asubuhi natembea dakika 25, usiku naogopa.

Kwenye kundi letu la walimu wa kigeni nikaeleza. Mwingereza mmoja mwenye miaka 18 huku akaandika kwamba Thailand ni salama kuliko London, na ukipata matatizo huku ujue umeyatafuta mwenyewe. Mmarekani akasema nirushe video Facebook, namba ya kizibao ionekane, Wathai wenyewe watamshughulikia. Mwingine akasema nihame. Ni kweli usalama upo. Kwenye kumbi za chakula watu wanaacha simu mezani kushika nafasi, wanakwenda kupanga foleni. Mimi pia nimeshaacha yangu na nikaikuta. Lakini simu iliyobaki mezani na pikipiki sita getini navipatanishaje?

Nirushe video? Niende polisi? Niombe radhi? Natanguliza shukrani.

Kipozeo:
Baht 40 ni shilingi ngapi za kwetu?

Mwl_wa_Rangsit:
Kama 3,000 hivi.

Kipozeo:
Dada umewasha vita ya kimataifa kwa elfu tatu. Endelea, navuta kiti.

MamaKevo254:
Pole sana dada. Mimi niko Nairobi, Thailand sijawahi kufika, lakini hao watu nawajua. Ukigusana na boda mmoja hapa, dakika mbili wamekuzunguka ishirini, na hakuna anayeuliza nani mkosaji. Shukuru Mungu wako walitazama tu wakaenda. Hapa kwetu hungepata nafasi ya kuandika uzi. Mambo ya video wachana nayo.

Tunduru_Mawe:
Dada, mimi napeleka mawe Chanthaburi mwaka wa kumi na moja sasa, vito vya safiri (sapphire) na spinel vya kwetu kusini. Nimekaa na hawa watu kwenye meza za soko la vito kila Ijumaa hadi Jumapili, kwa hiyo nisikilize.

Wewe unadhani ugomvi wenu ni baht 40. Soma tena ulichoandika mwenyewe. Noti uliyoikanyaga ina picha ya nani?

Mwl_wa_Rangsit:
Mungu wangu.

Tunduru_Mawe:
Ndiyo hiyo. Kila noti na kila sarafu ya Thailand ina uso wa mfalme. Mguu kwao ndiyo kiungo cha chini kabisa, kichwa ndicho cha juu. Hata kumnyooshea mtu unyayo ukiwa umekaa ni utovu wa adabu. Sarafu ikidondoka ikabingirika, Mthai haizuii kwa kiatu, anaikimbiza na mkono. Sasa wewe umezitupa noti chini, ukaweka ndala juu, ukamwamuru mtu mzima ainame chini ya mguu wako aokote. Wale sita hawakuja kudai nauli.

Na lile tabasamu hakuwa anakucheka. Mthai akibanwa mbele za watu hutabasamu ili jambo lisilipuke. Alikuwa anakupa mlango wa kutokea. Wana neno, jai yen yen, maana yake moyo upoe. Mwenye kupayuka ndiye amepoteza, hata kama haki ni yake. Nimeona mwenzetu mmoja alipiga ngumi meza pale sokoni kwa sababu mnunuzi alitaja bei ya kijinga. Hakuna aliyemjibu. Ila wiki tatu mfululizo alikaa pale na mawe yake mazuri kabisa, wanunuzi wanapita kama meza haina mtu.

Mwl_wa_Rangsit:
Mkuu umenitoa jasho. Nimeiangalia tena ile video. Sekunde ya 41 ndala yangu iko juu ya noti na nusu ya uso inaonekana wazi kabisa. Shuleni walitufundisha kusimama wimbo wa taifa ukipigwa saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kuvua viatu, kutowashika watoto kichwani. Kuhusu noti hakuna aliyesema, au alisema siku niliyokuwa nasinzia.

Bishoo_Mtata:
Acheni kumtisha dada wa watu. Noti ni karatasi. Kaibiwa, kalalamika, basi. Hii tabia ya Waafrika kunyenyekea kila tukifika ugenini inanikera. Rusha video, mwizi aumbuke.

Tunduru_Mawe:
Bishoo, wewe uko wapi? Nahisi uko Sinza.

Sheria yao ya jinai, kifungu cha 112, kumtusi mfalme ni miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa, na mtu yeyote anaweza kwenda kukushtaki, hata jirani. Mwaka 2007 Mswisi mmoja kule Chiang Mai alipewa miaka 10 kwa kupulizia rangi picha za mfalme akiwa amelewa. Alisamehewa na mfalme mwenyewe, kisha akafukuzwa nchini. Sisemi dada atafungwa kwa kukanyaga noti iliyotaka kupeperuka. Nasema video anayoiita ushahidi wake inamshtaki yeye, na anashauriwa aiweke mbele ya Thailand nzima.

Bishoo_Mtata:
Niko Kinondoni, siyo Sinza.

Mwanasheria_Uchwara:
Kuna la pili. Hata kama ile noti isingekuwepo, kurusha sura ya mtu na kumwita mwizi ni hatari huko. Thailand kashfa ni kosa la jinai, na ukweli peke yake si lazima ukuokoe. Mwaka 2020 Mmarekani mmoja aliyekuwa anafanya kazi huko aliandika mtandaoni maoni mabaya kuhusu hoteli ya kisiwa cha Koh Chang. Hoteli ikafungua kesi, jamaa akalala mahabusu siku mbili, yakaisha kwa kuomba radhi. Hayo yalikuwa maoni ya hoteli tu. Huyo Mmarekani wa kwenye kundi lenu anayekushauri urushe, muulize yeye amesharusha ngapi.

Zuhura_BKK:
Dada karibu, mimi niko Bangkok mwaka wa tisa. Nataka niseme kuhusu huyo Mwingereza, kwa sababu hao nimewasikia sana. Hasemi uongo. Mimi mwenyewe natembea saa sita usiku na mkoba begani, jambo ambalo Kariakoo silifanyi. Ila mzungu anaposema nchi hii salama anasema habari zake. Yeye akipayuka, watu wanasema ni farang (mzungu), hajui. Wewe ukipayuka unaangaliwa kwa jicho lingine kabla hujafungua mdomo mara ya pili.

Mwaka 2018 polisi walikuwa wanafanya misako ya wageni, na mkuu wa polisi wa uhamiaji alisema hadharani kwamba kazi yao ni kupambanua yupi ni mtu mweusi mwema na yupi anaelekea kufanya uhalifu. Tulikuwa tunasimamishwa pale Nana na kule Ramkhamhaeng, mitaa ya hapa Bangkok, pasipoti, mkojo kwenye kikopo. Wazungu wanapita pembeni na bia mkononi. Rafiki yangu Mganda alikuwa na kibali cha kazi na kila kitu, bado alikaa kituoni hadi alfajiri. Halafu kesho yake kazini mwenzake anamwambia, "Labda ulikuwa mkali kwao."

Kwa hiyo Bishoo hajakosea yote, hasira ya dada naielewa. Sema hasira hapa huwa inakula mwenyewe.

Mwl_wa_Rangsit:
Dada Zuhura umenigusa. Kwenye treni kiti cha pembeni yangu hakikaliwi, watu wanasimama. Nikawa najiambia labda ni kwa sababu naongea na mama kwa sauti kwenye simu. Nikaacha kuongea. Bado hakikaliwi. Nafikiri yule dereva alilipia na hayo.

Zuhura_BKK:
Kwenye treni hawaongei, hilo nalo ni kweli. Lakini kiti nakijua. Nimeshazoea kuweka mkoba wangu pale.

Na polisi: ukitishwa tena piga 1155, polisi wa utalii, wanaongea Kiingereza. Malalamiko ya nauli ni 1584 ya usafiri wa barabarani, unawapa namba ya kizibao. Ila kabla hujapiga popote, hiyo tuisheni ya usiku ipo kwenye kibali chako cha kazi?

Mwl_wa_Rangsit:
...

Zuhura_BKK:
Nilijua. Basi polisi waache walale. Kibali kinataja mwajiri na mahali pa kazi, tuisheni ya pembeni ni kosa. Na kumbuka Mkenya akikwama ana ubalozi wake hapa Bangkok, sisi tunahudumiwa kutoka Kuala Lumpur.

Wala usiite pikipiki ya programu ya simu ukiwa umesimama mbele ya kijiwe chao. Hao wana ugomvi wao na madereva wa programu, usijiingize.

Tunduru_Mawe:
Radhi inaombwa hivi. Usiende peke yako, na usiende na mzungu. Nenda na Mthai mtu mzima anayeheshimika mtaani, mwenye nyumba wako anafaa. Nenda mchana, wakiwa wamekaa. Pesa usitoe, utamtukana mara ya pili. Chukua chupa za M-150 (kinywaji cha kuongeza nguvu) zilizotoka kwenye friji, ndicho wanachokunywa. Kutanisha viganja, inamisha kichwa, sema khothot kha, yaani samahani. Nauli usiitaje kabisa. Ukianza kueleza kwamba na yeye alikosea, umeharibu.

Na kuhusu video, mimi ningeifuta.

Mwanasheria_Uchwara:
Mimi ningeiacha kwenye simu ya mtu Morogoro. Hujui kesho.

Kipozeo:
Morogoro wataiweka WhatsApp status ndani ya saa moja.

Mwl_wa_Rangsit (MREJESHO):
Wakuu, nimeenda jana Jumamosi na mama mwenye nyumba. Tulipotoka getini mlinzi akatuita, akafungua droo. Kumbe usiku ule alishuka akaziokota zile noti mbili, akazifuta vumbi, akazinyoosha chini ya kioo cha meza yake. Akanipa kwa mikono miwili.

Kijiweni, kwanza kabisa mama akasoma ubao. 40 ni hadi daraja la mfereji. Hadi getini kwetu ni 50. Kwa hiyo na mimi nilikuwa nampunja 10, na yeye alinizidishia 30. Nilifungua mdomo niseme, nikakumbuka Tunduru, nikaufunga.

Nikakutanisha viganja, vidole vikafika puani, nikasema neno langu. Kimya. Namba 14, yule dereva wangu, anaangalia chini. Mzee mmoja, nadhani ndiye mkuu wa kijiwe, akapokea chupa zote akagawa. Namba 14 hakupokea yake, mzee akaiweka juu ya boksi la kijiwe. Nikampa zile noti mbili na sarafu ya 10 kwa mikono miwili. Akazipokea, akazikunja, akasema mai pen rai, yaani si neno, lakini usoni hakunitazama. Halafu mama mwenye nyumba akaanza kumwambia kitu kwa sauti ndogo, anatabasamu, tena anamwonyesha ubao. Jamaa masikio yakawa mekundu. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kugombezwa kwa namna ile.

Leo nimebebwa na mzee. Amenitoza 50.

MamaKevo254:
Asante Yesu. Na wale wa kundi la walimu uliwaambia?

Mwl_wa_Rangsit:
Niliwaambia. Mwingereza amejibu kwa alama ya dole gumba.

Zuhura_BKK:
Na tuisheni?

Mwl_wa_Rangsit:
Mwezi huu namalizia, wameshalipa.

Kipozeo:
Video je?

Mwl_wa_Rangsit:
Nimefuta. Namba 14 bado ananipa mgongo, na chupa yake leo asubuhi nimeikuta bado iko pale pale juu ya boksi la kijiwe, haijafunguliwa.