Mjadala: Kozi ya usalama wa bastola kila mwaka, tunalipia usalama au tunalipia cheti?

Mama Wawili
Wapenzi wa shabaha, naomba maoni. Klabu yetu imetangaza kwamba kuanzia msimu ujao kila mwanachama wa bastola atarudia kozi ya usalama kila mwaka, siku mbili, kwa gharama yake, na risasi anunue mwenyewe. Asiye na cheti kipya haingii uwanjani. Tayari leseni tunaihuisha kila mwaka, ada ya uanachama ipo, risasi za 9mm hapa Kenya bei yake mnaijua. Sipingi usalama, nina watoto wawili nyumbani. Nauliza tu hizo hela zinanunua nini. Mara ya mwisho siku nzima ya kwanza tulikaa kwenye viti vya plastiki tukisomewa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kifungu kwa kifungu. Siku ya pili kila mtu alifyatua magazini (kasha la risasi) mbili, tukapiga picha ya pamoja, tukapewa vyeti. Na kama ni lazima, basi iwe lazima kwa wote, hata wale wastaafu wa polisi na jeshi wanaopita mlangoni kwa kupigiwa saluti.

Mlengaji wa Kiambu
Mimi naunga mkono kozi, tena kwa mikono miwili. Zile kanuni nne kila mtu anazitaja akiwa ameketi: kila silaha ihesabu ina risasi, mtutu usielekee usichotaka kukiharibu, kidole kikae nje ya triga mpaka umeshalenga, ujue unachopiga na kilicho nyuma yake. Sasa njoo kwenye mashindano uone. Mtu wa miaka mingi uwanjani anaitwa jina lake kutoka nyuma, anageuka na bastola mkononi, mtutu unawapitia watu wote waliosimama pale. Anaondolewa mashindanoni papo hapo na analalamika kwamba ameonewa. Mwili husahau. Kozi ya kila mwaka si ghali ukilinganisha na hilo.

Afande Mstaafu
Mama, hayo mengine yote nayaacha. Nimeona hapo pa saluti. Nimebeba silaha ya serikali tangu nikiwa kijana, nimelala nayo kichwani Turkana, nimelala nayo Mandera, na haijawahi kulia bila mimi kutaka ilie. Leo kijana aliyenunua bastola kwa sababu biashara imemnyookea aniketishe kwenye kiti cha plastiki anieleze mtutu uko upande gani? Saluti ile haikutoka bure.

Baba Neema
Mzee, heshima yako iko pale pale, na hakuna aliyesema hujui kazi. Lakini silaha uliyolala nayo Mandera ilikuwa G3, bunduki ndefu ya kijeshi. G3 ina swichi ya usalama ubavuni, unaiona na kuigusa gizani. Wengi hapa uwanjani tunatumia bastola za Glock, na Glock haina swichi ya namna hiyo. Vizuizi vyake viko kwenye triga yenyewe na ndani, na vinaachia ukivuta triga. Halafu kuna jambo ambalo wageni hawaambiwi mapema: ili uifungue kuisafisha ni lazima uvute triga kwanza, ndipo slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma, itoke. Mtu ametoa magazini, ameiweka mezani, roho imetulia. Risasi moja imebaki kwenye chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa. Anavuta triga ili asafishe. Hapo cheo hakisaidii. Kinachosaidia ni mkono uliozoea kutoa magazini KWANZA, kuvuta slaidi mara mbili tatu, kuishikilia nyuma, kuangalia ndani na kuingiza ncha ya kidole kwenye chemba kuhakikisha ni tupu.

Afande Mstaafu
Unanifundisha kusafisha bastola? Ceska nimebeba, Browning nimebeba, na zote ni bastola. Nyinyi mnadhani polisi hutembea na G3 mpaka sokoni. Na niwakumbushe shambulio la kigaidi la Westgate, lile jengo la maduka Nairobi, Septemba 2013. Walioingia mapema kutoa watu ni nani? Ni maafisa waliovaa nguo za nyumbani na raia wenye leseni. Hakuna aliyewauliza cheti cha siku mbili.

Wakili Mdogo
Mzee, Westgate nayo ina upande wa pili. Raia wale wengi walikuwa watu wa mazoezi ya mara kwa mara uwanjani, ndiyo maana waliweza. Na pamoja na ujasiri wote huo, mtu wa nguo za kawaida mwenye bastola mkononi hafahamiki ni mwokoaji au ni mshambuliaji. Iliripotiwa kwamba kamanda wa Recce, kikosi maalum cha polisi, aliuawa kwa risasi za wanajeshi wetu wenyewe mle ndani. Hao wote walikuwa wamefunzwa. Kwa hiyo Westgate inatudai mafunzo zaidi, haitudai machache.

Na tusisahau kwamba leseni si haki ya kuzaliwa. Uhakiki ule wa silaha hapa Kenya ulioamriwa mwishoni mwa 2018 uliwagusa wenye leseni wote, wakubwa kwa wadogo.

Mswahili wa Houston
Poleni ndugu zangu, mnalipia kila kitu. Hapa Texas tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu mzima wa miaka 21 asiye na kizuizi cha kisheria anabeba bastola bila leseni na bila darasa. Anayetaka leseni bado anaipata, ada ya jimbo ni dola 40. Zamani ilikuwa 140, ikashushwa 2017. Watu wanajifunza wenyewe, baba anamfundisha mwanawe. Mkiwaachia watu uhuru watakomaa nao. Shida yenu Nairobi ni kupenda vyeti.

Binti Lamu (Minneapolis)
Ndugu wa Houston, usiisemee Marekani nzima. Huku Minnesota huipati leseni ya kubeba bila kozi, na ndani ya kozi lazima upige shabaha kweli na ufaulu, kisha leseni inakaa miaka 5. Mimi nimeifanya. Mkufunzi alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini, hana haraka. Alichukua magazini yangu akageuka, akachanganya risasi za kweli na za bandia nisijue ipi iko wapi. Nikafyatua ya kwanza, ikalia. Ya pili ilikuwa bandia: kimya, na macho yangu mwenyewe yakaona mtutu umezama chini kama inchi mbili kwa sababu mkono ulikuwa unaogopa mshindo ambao haukuja. Nilijiona ninavyokosea kwa sekunde moja. Hakuna hotuba ingenionyesha hilo. Kozi ya namna ile nitailipia tena.

Mswahili wa Houston
Dada, nani amesema Marekani nzima? Nimesema Texas. Soma. Na kwa kuwa mnasifu wakufunzi, mmesahau Arizona 2014? Mkufunzi wa uwanja wa shabaha, mtu mwenye uzoefu, aliuawa na binti wa miaka 9 aliyekuwa akimfundisha. Mkufunzi yuko pale pale, ubavuni pake. Mafunzo yalimsaidia nini?

Baba Neema
Kaka, huo mfano unakupinga wewe. Mtoto alikabidhiwa Uzi, bunduki ndogo ya rashasha, ikiwa imewekwa kufyatua mfululizo. Mikono ya miaka 9 haiwezi kuizuia silaha ile isipande juu kuelekea kushoto. Uamuzi wa kuiweka hivyo ni wa mtu mzima. Ndiyo sababu nasema tuulize mkufunzi ni nani, anafundisha nini, na anaanza na silaha gani. Mgeni aanze na bastola ya risasi ndogo za .22, mshindo wake mdogo na risasi zake nafuu, halafu apande ngazi.

Afande Mstaafu
Mmehamia Marekani. Mimi bado nasubiri jibu kuhusu saluti.

Mama Wawili
Mzee, jibu ni hili. Sikukuvunjia heshima. Uwanjani kwetu yupo mstaafu mmoja, si wewe, ambaye huweka bastola yake mezani ikiwa na risasi wakati wengine wamekwenda mbele kubandika karatasi za shabaha. Mtutu unatazama migongo yetu. Kila mtu anaona na hakuna anayethubutu kumwambia, kwa sababu alikuwa mkubwa. Mimi niko mbele pale na gundi mkononi. Nina uchungu na hilo na nitaendelea kulisema.

Mlengaji wa Kiambu
Namjua unayemsema. Msimamizi wa uwanja ndiye wa kulaumiwa. Watu wakivuka mstari kwenda mbele, hakuna anayegusa silaha, na silaha zote zimefunguliwa, chemba tupu inaonekana. Hii haihitaji kozi, inahitaji mtu mwenye sauti.

Afande Mstaafu
Kama ni kweli, huyo amekosea na ningemwambia mbele ya watu wote. Lakini mmoja akikosea, sote tuketishwe?

Nyota ya Tanga
Shikamoo mzee wangu. Mimi niko Tanzania, nawasoma kwa hamu. Kwetu 2016 kulikuwa na uhakiki wa silaha nchi nzima, mwisho wake ulikuwa tarehe 30 Juni. Mjomba alipeleka shotigani yake, namba ikasomwa, kitabu kikaangaliwa, akarudi nayo nyumbani akaisimamisha nyuma ya mlango wa chumba, mahali ilipokuwa. Serikali ilitaka kujua silaha iko kwa nani, na hilo ni jema. Lakini nyuma ya mlango kuna wajukuu. Nyinyi mnabishania uwanjani, ambako kuna msimamizi, kuna ukuta wa udongo na kila mtu amevaa kinga ya masikio. Wiki ina siku saba, uwanjani mnakwenda moja. Siku sita bastola iko wapi?

Binti Lamu (Minneapolis)
Allah akubariki. Hili ndilo swali. Kisanduku cha chuma chenye kufuli, kimefungwa kwa skrubu kwenye ukuta au ndani ya kabati, risasi mahali pengine, na ufunguo usikae mahali ambapo mtoto anakuona ukiuchukua. Watoto wanajua kila kitu kilichofichwa ndani ya nyumba.

Wakili Mdogo
Na mkumbuke silaha ikipotea kwa uzembe wa mwenyewe, leseni iko hatarini na kesi inaweza kufuata. Kwenye kozi niliyofanya mimi, uhifadhi wa nyumbani ulipewa dakika chache kabla ya chai.

Mswahili wa Houston
Bastola iliyofungwa kwenye sanduku usiku mwizi akija inakusaidia nini?

Baba Neema
Kaka, tunazungumza wapenda shabaha. Hii ni silaha ya mchezo wa Jumamosi. Ulinzi wa usiku ufungulie mjadala wake.

Mswahili wa Houston
Risasi haijui kama ni ya mchezo.

Nyota ya Tanga
Hapo umesema kweli, kaka, na ndiyo sababu inafungiwa.

Mama Wawili
Nimeandikia kamati barua, nawawekea yaliyomo. Moja, kusoma sheria kufanywe nyumbani, mtu aje na maswali. Mbili, siku iwe moja, yote uwanjani: kupakia, kupakua, kuonyesha chemba tupu, risasi iliyogoma kulipuka (mtutu unabaki kwenye shabaha, unahesabu sekunde 30 kabla ya kuigusa), mlio hafifu unaoashiria risasi imekwama ndani ya mtutu, na zoezi la risasi bandia kama alivyoeleza dada wa Minneapolis. Mengi ya hayo hayali risasi kabisa, kwa hiyo gharama inashuka. Tatu, saa nzima ya uhifadhi wa nyumbani, kila mtu aje na picha ya kisanduku chake. Nne, hakuna msamaha kwa cheo. Nimependekeza risasi 50 kwa mtu, basi.

Mlengaji wa Kiambu
Ya nne nakuunga mkono. Risasi 50 ni chache mno. Mtu hajapata joto.

Afande Mstaafu
Hamsini zinatosha kama mkufunzi anaangalia mikono badala ya karatasi. Sisi tulipewa chache kuliko hizo na kila moja ilihesabiwa, na ganda lake lilirudishwa.

Mlengaji wa Kiambu
Mzee, enzi zenu mlifyatua chache kwa sababu hazikuwepo. Mimi nasema mia, na klabu ichangie nusu ya bei.

Mama Wawili
Klabu ichangie kutoka mfuko upi? Nionyeshe kwenye hesabu za mwaka jana, nitabadilisha barua leo usiku kabla sijaituma.