San Marino wanapata wapi moyo?

Wakuu hivi hawa jamaa, timu ya taifa ya kanchi kadogo ka Ulaya, wanaingiaje uwanjani kila mwaka? Wa 210 kwenye viwango vya FIFA, yaani mkiani kabisa.

>> Nchi yenyewe watu kama 34,000 tu mkuu, wachezaji wengi wana vibarua vyao vingine, ulitegemea nini?

>> Usiwachukulie poa, 1993 beki wa Uingereza Stuart Pearce karudisha pasi fupi kwa kipa wake, Gualtieri wa San Marino akainasa akaitungua Uingereza, sekunde ya 8 hiyo 😂 sawa walikula 7 baadae ila goli lipo

>> Na 2024 wamempiga Liechtenstein, kanchi kengine kadogo ka Ulaya, nje ndani, 1-0 nyumbani San Marino halafu 3-1 ugenini kule Vaduz, wakapanda Ligi C (daraja la tatu) ya Nations League ya Ulaya. Kabla ya hapo walikuwa na ushindi mmoja tu, wa 2004, tena ni huyohuyo Liechtenstein

>> Kumbe wa kuonewa huruma ni Liechtenstein