Mrejesho: Mabepari wa Venisi darasani

Wadau, niliomba ushauri wa kufundisha Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1969, bila wanafunzi kusinzia. Mkaniambia nianzie kwenye kesi. Asanteni sana, imefanya kazi!

Tulisogeza madawati, darasa likawa mahakama. Shylock, Myahudi mkopesha fedha, akanoa rula kwenye soli ya kiatu, akidai ratili yake ya nyama kutoka mwilini mwa mdaiwa wake, kama mkataba ulivyosema. Portia, mwanamke aliyejifanya mwanasheria, akamjibu: kata, ila damu isidondoke hata tone. Darasa likalipuka kwa shangwe! Halafu ukazuka ubishi mkali: mtu kama Shylock, aliyetukanwa na kutemewa mate, tena analazimishwa kubadili dini, hapo ametendewa haki kweli? Mjadala huo ndio niliokuwa nautafuta. Wiki ijayo tunaanza onyesho la kwanza, wanasoma wenyewe kwa sauti.