Nisaidieni kuchagua: hedifoni za kuziba zenye besi ya kukita, M50x au DT 770? (Nipo Mtwara, joto mnalijua)

Kombe_la_Shangani:
Wakuu habari za jioni. Nimepanga chumba hapa Mtwara mjini, nyumba ya vyumba sita, ua mmoja, na kuta hazijafika juu kwenye bati. Jirani akipiga chafya namwambia afya. Sabufa niliyokuja nayo toka Dar imefunikwa kitambaa na juu yake nimeweka ndoo ya maji, maana wiki ya pili tu mama mwenye nyumba alinigongea usiku akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, leo unyago kwa nani?"

Sasa nataka hedifoni zilizozibwa nyuma, sauti isivuje. Nasikiliza singeli, na dansi la zamani kwa sababu ya gitaa la besi. Besi iwe nzito, na niweze kukaa nazo saa tatu bila kichwa kuuma. Navaa miwani. Laptop ina tundu la pini, simu haina, natumia kidongo cha kuchomeka kwenye tundu la chaji. Bajeti laki nne na nusu, nikijikamua sana laki tano.

Nimesoma mpaka macho yanawasha, zimebaki Audio-Technica ATH-M50x na Beyerdynamic DT 770 Pro. Hiyo ya pili eti kuna ya omu 32, 80 na 250. Hapo ndipo nilipopotea. Mwenye uzoefu anishike mkono.

Korosho_Safi:
Subiri mnada wa korosho, utanunua zote mbili na kubadilisha nyumba. Mtwara kuchele!

Kombe_la_Shangani:
Mkuu mimi ni mpangaji, sina hata mche.

Fundi_Mitambo_Lindi:
Nina zote mbili, nina chumba kidogo cha kurekodia hapa Lindi, kwaya na matangazo ya maduka ndiyo ugali wangu.

M50x ina spika za milimita 45, omu 38, uzito gramu 285 bila waya. Besi yake ni ya kupiga. Teke la ngoma linakuja kama ngumi, halafu linaondoka, halikai kukusumbua. Simu yoyote inaisukuma. Waya unachomoka, na kwenye boksi unakuta nyaya tatu. Inakunjika. Ubaya wake ni sponji: ngozi bandia, nyembamba, na kitundu cha kuingiza sikio ni kidogo. Masikio yangu si madogo, nisiseme zaidi.

DT 770 besi yake inashuka chini zaidi na inavuma. Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi unatoa herzi 41 hivi, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Kwenye M50x unasikia zaidi kidole kikigusa uzi, kwenye 770 unausikia uzi wenyewe ukitetemeka. Kwa dansi la zamani mimi sina mjadala hapo. Ila huku juu inang'ata. Matoazi na herufi "s" za muimbaji zinachoma, na singeli ilivyo na vinanda vikali, ukifungulia sana utazivua kabla ya hizo saa tatu.

Habari ya omu: ni ukinzani. Namba ikiwa kubwa, hedifoni inadai volti nyingi zaidi ili ifikie sauti ileile, na simu ina volti chache. Ya 32 wameilenga simu, ya 250 inataka amplifaya, ya 80 iko katikati na laptop nyingi zinaimudu. Lakini usichague kwa namba tu. Ya 80 ina sponji za mahameli, ya 32 zinakuja na za ngozi bandia. Na ya 80 waya wake ni mita 3, hauchomoki, utafungia mbuzi.

Binti_Mikindani:
Nisikilizeni mimi mwenye kichwa kinachotoka jasho. Ngozi bandia na hewa yetu hii ya chumvi haviivani. Zangu (aina nyingine, si hizo) masika moja tu zilianza kubanduka, nikawa nazivua nina madoa meusi mashavuni kama niliyepaka wanja gizani. Mahameli yanapumua. Ila yananyonya mafuta ya nywele, na mimi ni mtu wa mafuta ya nazi, kwa hiyo uzitoe na kuzifua kwa mkono, kisha uanike kivulini. Za 770 zinatoka kirahisi na mpya zinauzwa peke yake.

Mzee_wa_Rumba:
Mnamtesa kijana na omu. Chukua zile za Sony za besi ya ziada, zisizo na waya, kwisha kazi. Mimi najitupa mkekani, hakuna kamba inayoninyonga.

Fundi_Mitambo_Lindi:
Mzee shikamoo. Kwa singeli nakubali. Lakini weka dansi uniambie gitaa la pili liko wapi. Besi ya ziada inamwagikia sauti za kati, solo na ridhimu vinaimba ndani ya pipa.

Mzee_wa_Rumba:
Marahaba. Gitaa la pili nalijua kwa moyo, halina haja ya kusikika.

Msafiri_Kusini:
Kabla hujatuma hela: M50x feki ni nyingi kuliko unavyodhani. Mimi niliuziwa Dar kwa laki na ishirini, nikajiona mjanja, zikaletwa na basi hadi stendi. Waya halisi unauingiza kisha unauzungusha kidogo unajifunga. Wangu ulikuwa unaingia na kutoka kama mguu kwenye ndala. Nikacheza sauti ya majaribio inayopanda kutoka herzi 30: kimya... kimya... ilipofika 70 upande wa kushoto ukaanza kukoroma. Duka lenyewe silitaji, bei ilishaniambia nikakataa kusikia.

Kombe_la_Shangani:
Asanteni sana. Fundi, miwani je? Hilo mmeliruka.

Fundi_Mitambo_Lindi:
Na ndilo la kwanza, samahani. Besi ya hedifoni za kuziba inakaa kwa sababu sponji imeshikana na ngozi pande zote. Mkono wa miwani unaacha upenyo, na kinachokimbia kwanza ni besi ya chini kabisa. Kuna watu wanasema "hii haina besi" kumbe inavuja tu. Jipime hivi: vaa na miwani yako, cheza wimbo wenye besi, halafu zikandamize kwa viganja taratibu. Besi ikiruka juu ghafla, zinavuja. Kisha vua miwani urudie.

Si mbali, panda gari Jumamosi uje Lindi ujaribu zote. Usinunue kwa maneno yangu.

Jambo jingine: besi haichomi sikio, kwa hiyo mkono unaongeza tu. Shirika la Afya Duniani linaweka desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 kwa saa 40 za wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatika nusu. Kwa 83 zimebaki saa 20. Uzuri wa kuziba ni kwamba kelele za nje zinapungua, huna sababu ya kushindana nazo.

Kombe_la_Shangani:
Mrejesho. Jumamosi nilikwenda, Fundi kanipokea na pweza, Mungu ambariki.

M50x bila miwani nilizipenda mara moja, singeli ilinikita mpaka nikacheka peke yangu. Nilipovaa miwani, nusu ya besi ikaondoka, na baada ya dakika ishirini mikono ya miwani ilikuwa inanichimba juu ya masikio. Labda ni kichwa changu. 770 ya omu 80 mahameli yanalala juu ya mkono wa miwani, nikikandamiza tofauti ni ndogo. Matoazi kweli yanang'ata, nimeyapunguza kidogo kwenye ikwalaiza, kile kipengele cha kupandisha na kushusha besi na sauti za juu. Kwenye laptop sauti inatosha na kubaki. Kwenye simu, nyimbo za zamani zilizorekodiwa chini napandisha karibu mwisho, usiku inatosha. Nimenunua 770, laki tano kasoro kidogo, laki nne na nusu ilikufa. Waya nimeukunja na kuufunga kwa kipande cha kanga.

Jana usiku mama mwenye nyumba kagonga tena. Sikusikia, kagonga mpaka kafungua mwenyewe. Anasema muziki hausikiki hata kidogo, ila mimi ndiye ninayesikika, naimba vibaya tangu saa tatu.

Fundi, hiyo nayo ina dawa?